Picha za karibu kwa lenzi ya kawaida ya 18-55: mwongozo kamili kwa anayepiga masega, nyuki na maua

Tatizo ni lilelile. Mtu ana kamera na lenzi iliyokuja nayo dukani, anataka picha ya sega la asali kwa ajili ya lebo ya chupa au ya kuwatumia wateja kwa WhatsApp. Anasogea karibu, lenzi inakoroma ikitafuta fokasi, na mwisho anapata ama ukungu, ama kipande kidogo cha sega katikati ya meza kubwa. Kisha anashauriwa anunue lenzi ya makro, ile maalumu ya picha za karibu sana.

Usinunue bado. Lenzi ya 18-55 (namba ni milimita za zumu: 18 huonyesha eneo pana, 55 huvuta karibu) ina uwezo wa kujaza picha nzima kwa kitu chenye upana wa sentimita 6 hivi. Hicho ni kipande cha sega chenye vyumba kumi na viwili kwa upana, au ua moja la mbuga, au kifungo cha koti kikiwa kikubwa kuliko kilivyo mkononi. Wengi hawafiki hapo kwa sababu ya makosa matatu: zumu iko upande usio wake, fokasi imeachiwa kamera, na mwanga ni wa saa saba mchana.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mazingira ya Tabora, penye asali, alizeti na vumbi la kiangazi. Vipimo ni vya kamera za sensa ndogo (sensa ni kipande cha ndani kinachopokea picha), zile zinazouzwa pamoja na lenzi hii.

## Vitu vya kuandaa

- Kamera na lenzi ya 18-55, kioo cha mbele kikiwa safi.
- Rula ya shule yenye milimita.
- Stendi ya kamera. Kama huna, tumia mfuko wa nguo uliojazwa mchele kilo 2 au 3. Kamera ikikalishwa juu yake hutulia vizuri kabisa.
- Karatasi nyeupe za A4, tatu au nne, na kipande cha foili ya jikoni.
- Kitambaa laini cha kufutia lenzi, na kipulizio cha mpira cha kuondoa vumbi.
- Kibanio cha nguo na kijiti, vya kushikilia ua lisiyumbe.

Vifaa vya kuongeza ukuzaji vina sehemu yake mwishoni. Usivitafute kabla hujamaliza hatua za mwanzo, maana kosa la fokasi ukilikuza hubaki kosa, tena kubwa zaidi.

## Hatua ya 1: Pima lenzi yako kwa rula

Lenzi nyingi za 18-55 zina umbali wa chini wa kukaza fokasi wa mita 0.25. Umbali huo umeandikwa kwenye lenzi au kwenye kijitabu chake. Watu wengi huupima kuanzia kioo cha mbele, na hapo ndipo wanapopotea. Hupimwa kuanzia sensa, iliyo ndani ya kamera. Angalia juu ya mwili wa kamera: kuna alama ya duara lililokatwa na mstari. Pima kutoka kwenye mstari huo. Ukitoa unene wa kamera na urefu wa lenzi, mbele ya kioo hubaki kama sentimita 10 na ushei tu.

Laza rula mezani karibu na dirisha. Vuta zumu hadi 55. Zima fokasi ya kamera: kama lenzi ina swichi ya AF na MF, iweke MF. Zungusha pete ya fokasi hadi mwisho wake wa karibu. Sasa sogeza kamera taratibu, mbele na nyuma, hadi mistari ya milimita ikae vizuri, kisha piga.

Hesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Ukipata karibu 62, lenzi yako inakuza kwa takriban 0.36, yaani kitu huingia kwenye sensa kikiwa na zaidi kidogo ya theluthi ya ukubwa wake halisi. Lenzi nyembamba za zumu ya umeme, kama 16-50 ya Sony, hufika karibu 0.2 tu, hizo zitahitaji msaada wa Hatua ya 7 mapema zaidi. Andika namba yako, utaihitaji.

Tahadhari: usizungushe pete ya fokasi kwa nguvu swichi ikiwa AF. Kwenye lenzi za zamani unaweza kuharibu meno ya mota yake. Lenzi mpya za AF-P za Nikon nyingine hazina swichi kabisa. Fokasi ya mkono huchaguliwa kwenye menyu. Na lenzi za STM za Canon huzungusha fokasi kwa umeme, hivyo kamera ikiwa imelala pete itazunguka bure. Gusa kitufe cha kupigia kidogo iamke.

## Hatua ya 2: Kaa kwenye 55, usirudi 18

Anayetaka kitu kiwe kikubwa hurudisha zumu 18 ili aweze "kuingia ndani". Matokeo yake ni kinyume. Kwa kuwa umbali wa chini ni karibu uleule pande zote mbili, 55 hukuza kama mara tatu ya 18. Tena kwenye 18 kivuli cha lenzi huangukia juu ya kitu, na nyuma yake huonekana ndoo, miguu na kuta zote za uani.

Utajua umefaulu ukiona nyuma ya kitu pamekuwa rangi tupu, hapana vitu vya kutambulika.

## Hatua ya 3: Fokasi usiiguse, songa wewe

Hii ndiyo hatua inayobadilisha picha kuliko zote.

Kwa umbali huu fokasi ya kamera hukimbia huku na huku kwa sababu sehemu iliyo kali ni nyembamba mno, na mkono wako unayumba zaidi ya unene huo. Kwa hiyo:

1. Acha pete ya fokasi mwisho wa karibu, kama ulivyoiweka kwenye rula.
2. Bana viwiko vyako mbavuni, au egemeza kamera kwenye mfuko wa mchele.
3. Sogea mbele taratibu kwa kiwiliwili chote, si kwa mikono.
4. Sehemu unayoitaka ikianza kukaza, piga picha tatu hadi tano mfululizo huku ukiendelea kusogea kidogo sana.
5. Chagua moja, futa zilizobaki.

Kwenye stendi kazi ni rahisi zaidi. Washa picha kwenye skrini badala ya kuchungulia kwenye tundu la jicho, bonyeza kitufe cha kukuza hadi mara 5 au 10, kisha rekebisha pete ukiangalia sehemu moja tu: ukingo wa chumba cha sega, jicho la mdudu, chembe ya chavua. Tumia taimu ya sekunde 2 ili kidole chako kisitingishe kamera. Zima kituliza mtikisiko, IS au VR, maana juu ya stendi lenzi nyingine hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta zenyewe.

## Hatua ya 4: Apacha

Apacha ni tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Weka kamera kwenye A, ambayo kwa Canon ni Av, na anza na f/8.

Sababu ni hii. Kwa ukuzaji wa 0.36, f/5.6 hukupa unene mkali wa kama milimita 2.4. f/8 hukupa kama 3.4. f/11 hukupa 4.6 hivi. Nyuki mtenda kazi ana urefu wa sentimita moja na kidogo, kwa hiyo akikutazama uso kwa uso, hata kwa f/11 macho yatakuwa makali na mkia utapotea. Akiwa ubavu, yote huingia.

Ndiyo maana pembe ni muhimu kuliko namba ya apacha. Uso wa sensa ulingane na uso wa kitu. Sega limelala mezani? Kamera iangalie chini wima. Sega limesimama? Kamera iwe sawa nalo, isiinamie hata kidogo. Ukiona kona ya juu ni kali na ya chini ina ukungu, usikimbilie f/22. Nyoosha kamera.

f/16 itumie kwa nadra, na f/22 iache. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika, na picha nzima hulegea, hata ile sehemu iliyokuwa kali.

## Hatua ya 5: Kasi na ISO

Kwa mkono, kasi ya kupiga isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Kwa mdudu anayetembea juu ya ua, 1/500. Mabawa ya nyuki anayeruka hayatatulia hata kwa 1/2000, na hakuna ubaya, mwili ukiwa mkali picha inapendeza.

Panda ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, bila woga: 400 juani asubuhi, 800 hadi 1600 kivulini. Chembechembe za ISO 1600 hazionekani kwenye simu ya mteja. Mtikisiko unaonekana. Kwenye stendi, kitu kikiwa hakiyumbi, rudi ISO 100 au 200 na uache kasi iwe yoyote.

## Hatua ya 6: Mwanga

Tabora jua haliwi utosini saa sita kamili. Mji uko magharibi sana ya mstari unaopangia saa zetu, kwa hiyo jua hufika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba na dakika chache. Anayehesabu kwamba saa tisa jua limeshalala atashangaa, bado ni kali. Kwa nje, saa nzuri ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, na jioni kuanzia saa kumi na moja.

Kama lazima upige mchana, ingia ndani. Tafuta dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, weka meza kando yake, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya A4 irudishe mwanga kwenye kivuli. Foili hurudisha mwanga mwingi zaidi, ila huacha madoa makali kwenye vitu vinavyong'aa. Kwa asali tumia karatasi. Foili iweke kwa mbao, mbegu na nguo. Msomaji wa Kigoma anayepiga dagaa waliokauka afuate njia ya asali, kwani magamba ya dagaa hurusha mwanga kama kioo.

Flashi ya kwenye kamera, ikitumika hivihivi, hutoa kivuli cheusi cha lenzi chini ya picha. Dawa yake: chukua A4 nyeupe, kata tundu la kupitisha lenzi, ivishe kwenye lenzi ili isimame mbele ya flashi. Mwanga utapenya karatasi na kutoka umelainika. Ondoa kwanza kofia ya kukinga jua iliyo mbele ya lenzi. Weka kasi 1/200, f/11, ISO 400, na punguza nguvu ya flashi kwenye menyu kama picha inaungua.

## Kazi ya kwanza: sega la asali mezani

Sega halikimbii, kwa hiyo jifunzie hapa.

Chagua kipande kipya, chenye sehemu iliyozibwa kwa nta na sehemu iliyo wazi. Kikate kwa kisu chembamba kilichochovywa maji ya moto na kufutwa, ili kuta za vyumba zisipondeke. Kipande chenye unene wa sentimita 2 kinatosha. Fanya kazi mapema asubuhi. Mchana wa Oktoba nta hulainika na asali hutiririka kabla hujapanga chochote. Funga mlango na nyavu za madirisha, maana nyuki na sisimizi watafika.

Kuna mwanga wa aina mbili unaofaa.

Wa ubavuni. Laza sega kwenye sahani nyeupe, dirisha likiwa kushoto au kulia, mwanga ukiingia kwa kulala. Kuta za vyumba zitatoa vivuli vyembamba na kila chumba kitaonekana kina chake. Chumba kimoja kina upana wa karibu milimita 5. Kaza fokasi kwenye ukingo wa nta, si kwenye asali iliyo ndani, kwa sababu asali haina mstari wa kushikika.

Wa nyuma. Simamisha kipande mbele ya dirisha, kamera upande wa ndani. Asali itawaka rangi yake yenyewe, kaharabu au nyekundu kulingana na maua yaliyotoka. Kamera itadanganyika na mwanga wa nyuma, hivyo ongeza mwangaza kwa +1 au zaidi kwa kitufe cha +/−.

Rangi nayo isimamie mwenyewe. Mpangilio wa rangi ukiuacha kwenye otomatiki, kamera huona manjano imezidi na kuipunguza; asali nzuri ya miombo inatoka imepauka kama maji ya sukari. Chagua alama ya jua, au ya kivuli ukiwa ndani, na uiache hapo kwa picha zote ili chupa zote zifanane kwenye tangazo.

Nta nyeupe ikijaza picha, kamera itaifanya kijivu: ongeza +0.7. Ubao wa mninga ukijaza picha, itaufanya mweupe kupita kiasi: punguza −0.7.

Umefaulu kama ukikuza picha kwenye skrini unaona ukingo wa kila chumba kutoka kona hadi kona, na tone la asali lina doa moja laini la dirisha, si madoa matatu.

## Kazi ya pili: nyuki kwenye ua

Usiende kwenye mzinga. Kwa lenzi hii utakuwa sentimita 10 kutoka kwa nyuki, pumzi yako ikiwafikia, na kamera nyeusi ikiwa mlangoni mwao. Nyuki wa kwetu hulinda mzinga kwa ukali, na mmoja akichoma, harufu inayotoka penye mwiba wake huita wengine. Picha za mzinga mwachie mwenye vazi la kurinia, na apige kwa mbali.

Nyuki aliye kwenye ua au kwenye maji hana cha kulinda. Mvua zikielekea kuisha, mashamba ya alizeti ndiyo mahali bora: ua ni pana na bapa, na nyuki hukaa muda mrefu akizunguka. Kiangazi watafute penye bomba linalovuja au tope la kisimani. Vaa nguo za rangi nyepesi, usijipake manukato.

Usimfuate nyuki. Chagua ua moja lenye chavua mbichi, libane kwa kibanio na kijiti, panga kamera kwa 55, f/8, ISO 400 hadi 800, na usubiri aje. Jua liwe ubavuni mwako ili kivuli chako kisimguse. Kivuli kikimpitia ghafla, anaondoka. Asubuhi yenye baridi huwa mzito na unapata muda zaidi.

Kaza fokasi kwenye jicho. Mabawa yakikosa ukali si neno, jicho likikosa, futa.

Kwa 0.36 nyuki atachukua kama sehemu moja ya tano ya upana wa picha. Hapo kata kingo. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukiikata ibaki 3000 kwa 2000 bado unachapisha ukurasa wa A5 bila tatizo. Huo ni ukuzaji mara mbili bila kununua chochote, na kwa watu wengi safari ya vifaa ingeishia hapa.

## Hatua ya 7: Ukitaka kukaribia zaidi

Ukiagiza kifaa kutoka Dar es Salaam, mweleze muuzaji mambo mawili: aina ya mdomo wa kamera yako, pale lenzi inapofungwa, na kipenyo cha filta. Kipenyo kimeandikwa mbele ya lenzi baada ya alama ya ø. Kwa 18-55 nyingi za Canon za DSLR ni 58. Kwa Nikon ni 52 au 55 kulingana na toleo.

Kilenzi cha kufunga mbele. Huuzwa kwa seti za +1, +2, +4 na +10. Kinafungwa kama filta, hakipunguzi mwanga, na hakifungui kamera kwa vumbi. +4 juu ya 55, lenzi ikiwa mwisho wa karibu, hukupeleka kwenye ukuzaji wa karibu 0.6, yaani upana wa sentimita 4 hivi. Ukiunganisha viwili, chenye nguvu zaidi kiwe karibu na lenzi. +10 ya bei ya chini huacha mistari ya zambarau na kijani pembeni. Ninashauri uiache kwenye boksi. Na kama nyumbani kuna lenzi ya 55-250, fahamu kwamba +4 juu ya 250 hukupa ukubwa halisi kabisa, ukiwa sentimita 25 kutoka kwa mdudu. Kwa nyuki hakuna njia nafuu iliyo bora kuliko hiyo.

Pete za kurefusha. Hazina kioo, huingia kati ya kamera na lenzi. Seti ya kawaida ina 12, 20 na 36 milimita. Kwenye 55, pete ya 12 huongeza ukuzaji kwa 0.2 hivi, ya 20 kwa karibu 0.36, na ya 36 inakufikisha karibu na ukubwa halisi. Mwanga hupungua, na ukifika ukubwa halisi umepoteza vituo viwili, yaani unabaki na robo tu ya mwanga. Unene mkali nao kwa f/8 unabaki kama milimita 0.6, kwa hiyo stendi ni lazima. Usitumie pete hizi kwenye 18: fokasi huangukia ndani ya kioo chenyewe na hutaona kitu.

Nunua zenye viunganishi vya umeme. Zile za bei ndogo zisizo navyo huikata lenzi na kamera: Canon apacha inabaki wazi kabisa, Nikon nyingi za G inajifunga hadi mwisho, na lenzi za STM na AF-P hazitazungusha fokasi hata kwa mkono.

Pete ya kugeuza. Lenzi hufungwa kinyumenyume, na zumu nayo hugeuka: 18 ndiyo hukuza sana, 55 kidogo. Ukuzaji ni mkubwa kuliko njia nyingine zote hapa, lakini kioo cha nyuma kinakuwa nje, sentimita chache kutoka kwenye asali au mchanga, na umeme wa lenzi haupo. Ifanyie ndani tu, juu ya kitu kikavu.

Pete za aina zote mbili zinalazimu kuvua lenzi, na kiangazi cha Tabora kina vumbi jekundu linaloingia popote. Zima kamera, ielekeze mdomo chini, badilisha ndani ya chumba kilichofungwa bila feni. Ukiona doa lilelile mahali palepale kwenye kila picha ya f/11, ni vumbi la sensa: washa usafishaji wa sensa kwenye menyu, kisha tumia kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate hukauka juu ya sensa na kuyatoa ni kazi ya fundi.